Nampeleka mama yangu makumbusho ya sayansi San Francisco, tuanzie wapi?

mama_wawili (Oakland)

Habarini wadau. Mama yangu mzazi kafika wiki iliyopita kutoka Musoma, ana miaka 71, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, yupo kwangu huku Oakland mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Tumeshamzungusha madukani, tumempeleka kwenye lile daraja jekundu akapigwa na upepo dakika tano akasema turudi nyumbani, kanisani kashazoeana na watu, na sasa anakaa tu sebuleni anakunja upya nguo za watoto ambazo mimi nilishazikunja. Watoto wangu (9 na 4) wanataka twende California Academy of Sciences kule Golden Gate Park, maana yule mkubwa alienda na shule akarudi hajanyamaza siku tatu, eti kuna msitu ndani ya kioo, kuna akwariamu chini ya ardhi, kuna planetariamu ya kuangalia nyota mchana kweupe, na yote hayo ni jengo moja tiketi moja.

Shida zangu sasa. Kwanza bei, nimeangalia watu wazima wawili na watoto wawili ni hela ya maana kabisa, nikijaribu kupiga kwa shilingi ya nyumbani nafunga simu. Pili mama ana goti. Tatu, na hili ndo linaninyima usingizi, naogopa nitalipa halafu aniangalie tu aniambie "mwanangu, umenitoa Musoma kuja kunionyesha pundamilia?" maana mwanangu anasema kuna ukumbi mzima wa wanyama wa Afrika waliokaushwa, na Serengeti kwetu ni kupanda gari asubuhi. Na huyu wa miaka 4 yeye anataka kumwona mamba mweupe tu, mengine hana habari nayo.

Aliyewahi kwenda na mzazi kutoka nyumbani anipe mawazo. Tuanzie wapi, tuache nini, na kweli inalipa au nimpeleke ufukweni tu bure?

---

Dunga_boy (Kisumu, sasa Hayward)

Dada pole kwanza na hiyo stori ya mamba. Claude, huyo mamba mweupe mwenyewe, alikufa Desemba 2025, alikuwa na miaka 30, kwa hivyo mwambie mtoto mapema mkiwa bado nyumbani, usingoje mfike pale kwa kidimbwi uanze kutoa maelezo na foleni nyuma yako. Mimi nilikuwa namwonyesha binti yangu, tunamwambia ana ualbino kama jirani yetu wa Kondele, macho yake hayaoni vizuri na jua linamuumiza. Huyo mamba alipoletwa 2008 aliwekwa na mwenzake wa kike, huyo mwenzake akamng'ata kidole cha mguu mpaka kikakatwa na daktari, ikabidi watenganishwe. Ndoa fupi sana hiyo. Mtoto wangu bado anaiuliza mpaka leo.

Sasa mimi nitakuambia kitu kimoja tu na uniamini. Usianze na pundamilia. Mpeleke mamako moja kwa moja chini kwa akwariamu, uliza kwa wafanyakazi "Methuselah yuko wapi", wote wanamjua. Huyo ni samaki mwenye pafu, katoka Australia na meli mwaka 1938, na ALIKUWA AMESHAZALIWA akiingia hiyo meli. Mwaka 2023 walipima umri wake kwa DNA wakapata kama miaka 92, inaweza kupungua ama kuzidi kidogo. Anamzidi mamako zaidi ya miaka ishirini!! Wanaomlisha wanasema anapenda tini, na ziwe tini mbichi za msimu, zile zilizotoka kwa friji hali. Yaani samaki anachagua matunda kuliko watoto wangu.

Lakini sababu yenyewe ya kukuambia ni hii: nilisimama pale mara ya kwanza nikaangalia ule mwili, magamba makubwa, macho madogo madogo, vile amelala tu chini kama gogo halafu anapanda polepole kuvuta hewa, nikasema kwa sauti "lakini huyu si KAMONGO?" Mzee mmoja mzungu akanigeukia. Manze nimekula kamongo nikiwa mdogo Dunga, nimewaona wakiuzwa wamekatwa vipande kwa beseni, na sijawahi hata siku moja kufikiria kuna mahali watu hupanga foleni kumwona. Sio yule yule kabisa, wa kwetu ni mrefu mwembamba na mapezi yake ni kama kamba, huyu ni mnene na mapezi yake ni kama makasia. Lakini ni ndugu. Na mamako ni wa Musoma, ziwa ni moja. Hatakuuliza habari ya pundamilia.

Kuhusu gari, kama mnatoka Oakland achana na gari. Kuna paki ya chini ya ardhi pale karibu lakini ni pesa, na ile barabara kubwa ya ndani ya bustani ilishafungwa, magari hayapiti. Panda treni ya BART mpaka Glen Park, ukitoka pale chukua basi namba 44, inakushusha karibu na mlango kabisa, goti la mama halitajua. Mimi siku moja nilijifanya mjanja nikaendesha Jumamosi, tukakaa kwa daraja mpaka saa ya planetariamu ikapita tukiwa bado tunaangalia maji. Mke wangu hakusema kitu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi.

---

msema_kweli

Mimi nitasema ambalo wengine hawasemi. Mnalipa zaidi ya dola 40 kwa kichwa kwenda kuangalia maiti za swala. Ule ukumbi wa Afrika ulifunguliwa 1934, wanyama walipigwa risasi kwetu na tajiri mmoja wa migodi anaitwa Leslie Simson, wakajazwa, wakawekewa nyasi na mchoro wa mlima nyuma, na leo mtoto wa Kitanzania anapelekwa Kalifonia kujifunza twiga. Na mama wa watu wa Musoma jamani. Mpeleke ufukweni, mnunulie samaki wa kukaanga, mpige picha, basi.

---

Pwani_Chikago

@msema_kweli kaka umesema kweli yako ila umeishia mlangoni. Mimi ni wa Voi, na huku Chicago kwenye Field Museum wapo wale simba wawili wa Tsavo waliokula watu wa reli mwaka 1898, wamejazwa wamekaa kwenye kioo, na marehemu babu yangu alikuwa akitusimulia habari zao kama vile ni jana. Kwa hiyo najua hasira hiyo vizuri sana. Mara ya kwanza nilipowaona nilikasirika, wadogo halafu hawana hata manyoya ya shingo, nikasema ndo hawa? Mara ya pili nilikaa kwenye benchi nikawaangalia nusu saa. Sijui niseme nini, nilijisikia kama nimemkuta mtu wa kwetu hospitali.

Dada mama_wawili, kitu kimoja nawaonea wivu watu wa San Francisco ni hicho cha tiketi moja. Huku kwetu makumbusho ni jengo lake, akwariamu ya Shedd jengo lake, planetariamu ya Adler jengo lake, yapo karibu karibu pale ziwani lakini kila mlango unalipa upya, na ukiwa na mzee unamtembeza kwenye upepo wa Ziwa Michigan kutoka mlango hadi mlango. Nyie mnashuka ngazi tu, tena lifti ipo.

Halafu huyo samaki wenu. Sisi tulikuwa na wetu Shedd anaitwa Granddad, aliletwa 1933 kutoka huko huko Australia, akafa 2017. Tangu siku hiyo wenu ndo mzee kuliko wote wanaofugwa kwenye akwariamu. Mmetushinda kwa msiba lakini sawa.

Ushauri wangu wa mzee: mwombee kiti cha magurudumu hata kama anasema hataki. Usimwambie ni cha kwake, sema ni cha kubebea makoti. Baada ya saa moja atakikalia mwenyewe.

---

BintiMasaka

Nimecheka hapo kwa kamongo. Sisi Uganda tunamwita mmamba na mume wangu ni wa ukoo wa Mmamba, huyo samaki ndiye mwiko wao, hawamli kabisa, ni kama kula ndugu. Na zamani wanawake wa Buganda hata wa koo zingine walikuwa hawamgusi. Tulienda pale mwaka juzi na huyu mume wangu, mtu wa kompyuta, suti, haamini chochote, nikamwonyesha huyo Methuselah kwa kioo. Akavua kofia. Nikamuuliza umevua kofia kwa nini, akasema kichwa kinawasha.

Mkienda kwa ile tufe ya msitu vueni masweta KABLA ya kuingia. Nje San Francisco mwezi wa nane ni ukungu na baridi ya kukata, watu wa nyumbani hawaamini mpaka wafike, halafu ndani ya lile tufe ni joto na unyevu kama Masaka baada ya mvua, miwani inaingia ukungu hapo hapo, huoni hata mtoto wako. Njia inapanda inazunguka zunguka mpaka juu, ghorofa nne, sio ngazi ni mteremko wa kawaida lakini goti litalijua kwa hiyo polepole. Vipepeo wanatua kwa watu. Ukifika juu unashuka kwa lifti, na kabla ya lifti unasimama mjikague kwenye kioo kama kuna kipepeo kakugandia mgongoni, maana hawataki watoke. Kwa mama mkwe wangu alikuwepo mmoja kwenye kilemba, wa rangi ya bluu, kakaa katikati kabisa kama bruchi ya harusi. Alikataa kutolewa. Mama mkwe, sio kipepeo. Alisema amechaguliwa.

Lifti inakushusha chini ya mto wa Amazoni, yaani yale maji uliyoyaona ukiwa juu sasa unapita chini yake kwa handaki la kioo, samaki wakubwa wanakupita kichwani. Wazee wengi hapo wanasimama kwanza, mpe muda.

---

mama_wawili

Jamani mmenipa nguvu. Nimemtajia mama kamongo tu hivi kijuujuu, nikamwambia kuna mmoja ana miaka tisini huko mjini. Kaacha kukunja nguo. Kaniuliza, "Tisini? Wanamfuga wa nini?" Nikasema wa kuangalia. Akasema "Haya" halafu akanyamaza, na mimi ninayemjua najua hiyo haya ni ya kutaka kwenda.

Maswali mawili tu. Kuna njia ya kupunguza bei? Na planetariamu haitampa kizunguzungu?

---

Dunga_boy

Bei hubadilika kulingana na siku, kwa hivyo nunua mapema kwa tovuti na uchague siku ya katikati ya wiki, utaona tofauti. Wenye kadi ya EBT ya chakula wanapata punguzo kubwa kwa ule mpango wa Museums for All, watu wengi wetu wanayo na wanaona haya kuitoa. Toa. Hakuna anayekuangalia. Alhamisi jioni usiende na watoto, hiyo ni NightLife, ya watu wazima wa miaka 21 kwenda juu, kuna muziki na vinywaji. Mimi nilienda. Kuangalia papa ukiwa na bia mkononi ni tofauti kidogo.

---

mwl_fizikia (Mwanza)

Salamu kutoka Mwanza, mimi sijawahi kuishi huko, nilifika mara moja tu kwa mafunzo ya wiki mbili miaka kadhaa iliyopita na siku yangu ya mapumziko niliimalizia yote pale ndani, nikatoka wanafunga. Kwa hiyo nitajibu la planetariamu halafu niongeze la kwangu, samahani kwa urefu.

Ile planetariamu ni kuba lenye kipenyo cha kama mita 23 na limelazwa kwa mshazari, kwa hiyo huangalii juu kama kwenye dari bali anga linakuja mbele yako na kukumeza. Picha zikianza kusogea kwa kasi, kweli mwili unahisi unaruka ilhali umekaa. Dawa yake ni mama akae viti vya nyuma, na akihisi vibaya afumbe macho, inaisha hapo hapo. Na huyo wa miaka 4, ulizeni mlangoni kwanza, na hata akikubaliwa pima mwenyewe kama ataliweza giza.

Kitu ambacho wengi hawakijui, planetariamu yao ya kwanza ilifunguliwa 1952, na mashine ya kurusha nyota waliitengeneza wenyewe. Wakati ule aliyekuwa anajulikana kwa mashine hizo ni Zeiss wa Ujerumani, na baada ya vita haikuwezekana kuipata. Sasa karakana ya pale makumbusho wakati wa vita ilikuwa inakarabati darubini na vifaa vya macho vya jeshi la majini, kwa hiyo mafundi walikuwepo, lenzi wanazijua, wakakaa chini wakaunda yao. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni jua kali. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hiyo stori kila mwaka wakianza kulalamika maabara haina vifaa, na kila mwaka kuna mmoja ananijibu "lakini mwalimu, hao walikuwa na karakana."

Sasa la kwangu. Kuna pendulamu. Watu wanaipita wanakimbilia pengwini. Msiipite!! Ni tufe zito limening'inizwa kwa waya mrefu, linabembea taratibu, na chini kuna vijiti vimesimamishwa kwa duara, kila baada ya muda linaangusha kimoja. Halisogezwi na mtu kwenda kwenye kijiti kingine. Lenyewe linabembea pale pale, ni dunia ndiyo inazunguka chini yake, pamoja na jengo, vijiti, na wewe uliyesimama na pochi yako. Foucault alilionyesha hili Paris mwaka 1851. Kwa pale San Francisco duara zima linachukua kama masaa 39. Nikakaa kwenye sakafu nikapiga hesabu ya Mwanza kwenye karatasi ya tiketi: kama siku 23! Maana kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo mzunguko unavyokuwa wa polepole, na ukiiweka Nanyuki juu ya mstari wenyewe, haizunguki kabisa, itabembea upande ule ule mpaka uchoke. Na upande wetu wa kusini inazunguka kinyume na kule.

Na hapa naomba niseme, wale vijana wa Nanyuki wenye beseni na kijiti wanaowaonyesha watalii maji yanazunguka huku kushoto huku kulia, ule ni mchezo wa mkono jamani, hatua ishirini kutoka mstari wa ikweta nguvu ya dunia kuzunguka ni ndogo mno kwa beseni. Pendulamu ndiyo inayosema kweli. Niliwahi kumwambia mmoja wao, akanijibu "mwalimu, hiyo pendulamu inalipa shilingi ngapi?"

---

msema_kweli

Mwalimu umenikosha. Ila swala wangu bado hamjanijibu.

---

mwl_fizikia

Swala wako nimekusikia, na sikupingi, wale wanyama waliuawa na hilo halifutiki. Ila ukifika mwisho wa ukumbi huo huo kuna pengwini wazima wanaogelea, na ni wa Afrika, wa pwani za Namibia na Afrika Kusini. Nimefundisha jiografia miaka sita kabla ya fizikia na nilikuwa nawaambia watoto pengwini ni wa barafu. Na hao wamebaki wachache sana, tangu 2024 wamewekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kwa hiyo kwenye ukumbi mmoja una waliokufa wanaoonekana wazima, na wazima ambao huko kwao wanakwisha. Nenda ukaone halafu urudi kubishana.

---

Pwani_Chikago

Halafu mtu asisahau kumwonyesha mama ukuta. Ndugu yangu aliyeko huko ndo alinionyesha, kuna sehemu wameacha wazi uone ndani, kuta zimejazwa jinzi kuukuu zilizochambuliwa, badala ya ile sufi ya kioo, kuzuia baridi. Mitumba!! Mitumba imevuka bahari ikatuvalisha miaka yote hii, kumbe nyingine ilibaki ikajenga makumbusho.

---

mama_wawili

TUMEENDA JANA. Nimelala nimeamka ndo naandika, kwa hiyo mnisamehe haitakuwa na mpangilio.

Tulipanda BART na 44 kama alivyosema kaka wa Dunga, tukafika saa tatu na nusu mlango unafunguliwa. Mama kavaa koti langu la baridi juu ya kitenge na chini soksi za mwanangu. Kiti cha magurudumu alikikataa mbele ya watu, nikafuata ushauri, nikaweka makoti, saa nne na dakika kumi makoti yapo mapajani kwake na yeye yupo kwenye kiti. Hakuna aliyetamka neno.

Mdogo nilimwambia habari ya Claude tukiwa kwenye treni. Akakaa kimya vituo viwili halafu akauliza, "Na kidole chake kiko wapi?" Sikuwa na jibu. Kama kuna anayejua.

Tukaenda chini kwanza. Lile tangi la matumbawe la Ufilipino, linashuka mita saba na ushee kwenda chini, na kuna sehemu unasimama mbele ya kioo kirefu giza limekuzunguka na mwanga wote upo majini, mama akasema "hii ni sinema?" Nikasema hapana mama, ni kweli. Akaenda akaweka kiganja kwenye kioo kuhakikisha.

Kwa Methuselah palikuwa na watoto wa shule wamejaa, tukasubiri. Walipoondoka mama akaniambia nimsogeze karibu kabisa, magoti yanagusa ukuta. Yule samaki alikuwa amelala chini, kama kaka alivyosema, gogo. Mama akamwangalia muda mrefu mpaka mimi nikaanza kuangalia simu. Halafu akaanza kuongea na yule mkubwa wangu, sio na mimi, kwa ile sauti yake ya darasani ambayo sijaisikia tangu astaafu. Akamwambia kiangazi kikikausha majaruba, baba yake (babu yangu mimi) alikuwa anatembea juu ya tope lililokauka na jembe, anatafuta katundu kadogo, ka kupitisha hewa, akikaona anachimba, anamtoa kamongo kajikunja kwenye ganda lake mwenyewe kama mtu kalala kwenye blanketi, MZIMA. Kalala miezi. Mwanangu akabisha, akasema bibi samaki hawezi. Kijana wa pale mwenye fulana ya kazi alikuwa anasikiliza bila kuelewa, nikamtafsiria, akasema bibi yuko sahihi kabisa, wa Afrika wana mapafu mawili na wanalala kwenye tope, huyu wa Australia ana pafu moja na hilo hawezi. Nikamtafsiria mama. Mama akasema, "Mwambie najua."

Halafu akamwangalia tena yule samaki akasema, "Kumbe huyu hajui kulala." Kama anamhurumia.

Msituni alipanda kwa miguu nusu, nusu nyingine akakaa kwenye benchi na kipepeo hakumtua, kasononeka kidogo kwa sababu niliwahi kumsimulia habari ya kilemba. Mdogo aliingiza mkono kwenye lile bwawa la kugusa viti vya pwani (wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota), kashika kiti cha pwani, maji ya Pasifiki baridi kama barafu, kaloa mpaka kwapani na alikataa kutoa mkono, nikambadilisha nguo chooni. Nyumba ya tetemeko la ardhi, ile inayotikisa kama mwaka 1989 na 1906, mama alikataa, alisema tetemeko ni la Mungu si la kuchezea, akatusubiri nje na makoti. Juu ya paa ni nyasi na maua, mimea ya asili zaidi ya milioni moja na nusu, vilima saba. Akauliza nani anafyeka.

Pendulamu mwalimu tuliiona. Tulisubiri kijiti kianguke dakika sijui ngapi, tufe linapita karibu, linakigusa kidogo, kinatikisika hakianguki, watu wote wanapumua pamoja. Kikaanguka wakati mimi nimegeuka kumfuta mdogo pua.

Na @msema_kweli, kwenye ukumbi wa Afrika mama hakukasirika. Alisimama mbele ya pundamilia akasema, "Huyu amenenepa." Basi, tukaenda kwa pengwini.

Planetariamu tuliweka mwisho. Tukakaa nyuma. Mdogo alikuwa kashalala mapajani kwangu kabla taa hazijazimwa. Walianza na anga la jioni ya hapa, kisha wakausogeza usiku mbele, nyota zinapanda upande wa mashariki, yule mtangazaji anaeleza kwa Kiingereza haraka haraka na mama Kiingereza chake ni cha taratibu, kwa hiyo nilijua anapitwa na mengi, nikainama nimtafsirie. Akaniwekea mkono mdomoni. Alikuwa ananyoosha kidole gizani, mkono juu kabisa, na kwa ile sauti ya darasani akasema, sio kwa kunong'ona, "Kilimia."

Mtu wa mbele akageuka. Mama hakumwona. Alikuwa anamwonyesha mwanangu lile kundi la nyota, hesabu, hesabu zipo ngapi, na mwanangu anahesabu kwa Kiswahili, ambacho nyumbani nikimwambia ahesabu hataki, moja, mbili, tatu, akafika sita akasema bibi ni sita. Mama akasema hesabu tena.